Kuangusha miti kwa pawa bila ujuzi: tupeane uzoefu

Mwalimu wa Vihiga (mwanzisha mada):

Wadau, hamjambo. Huku kwetu karibu kila kijiji sasa kina kijana mwenye pawa, yaani msumeno wa mashine, au anayejua pa kuikodi. Wengi walianza kwa kupasua kuni. Gogo limelala chini, unalikata vipande, jioni umelipwa. Kisha siku moja mwenye boma anamwita huyo huyo amwangushie mkaratusi uliosimama nyuma ya jikoni, naye anakubali. Kukata gogo lililolala na kuangusha mti uliosimama ni kazi mbili tofauti kabisa, na ile ya pili inaua.

Mwaka huu tumemzika kijana wa jirani. Mti ulikuwa mkaratusi (blugamu) mrefu, mita 25 hivi, na shamba ni ukanda mwembamba kama mashamba mengi ya Vihiga, kiasi kwamba mti ukilala unavuka mpaka. Walifunga kamba kwenye shina, vijana wakasimama upande ambao mti ulitakiwa kuangukia ili wavute. Kamba ilikuwa fupi kuliko mti. Ulipoanza kuja, wenzake waliruka pembeni, yeye akakimbia moja kwa moja mbele. Sitaeleza zaidi, kwa heshima ya mama yake.

Naomba tusimuliane: uliona nini, ilikuwaje, na nini kingezuia. Majina ya watu tusitaje.

Fundi wa Elburgon:

Pole sana Mwalimu, na poleni wote huko. Nimekaa kwenye mbao tangu kabla ya ile marufuku ya Februari 2018. Marufuku ilihusu misitu ya serikali na ya jamii, kwa hiyo mbao zikaanza kutafutwa mashambani mwa watu. Huko hakuna msimamizi wala mtu wa kupima umbali, na miti imeota katikati ya nyumba, choo na waya za stima. Rais alipokuja hapa Molo Julai 2023 kutangaza kwamba marufuku inaondolewa, pawa zilikuwa zimeshazoea mashamba.

Kuhusu kamba. Anayevuta hasimami mbele ya mti hata siku moja. Kamba inafungwa juu, si katikati, na iwe ndefu kuupita mti kwa mbali. Unaizungusha kwenye shina la mti mwingine imara, wavutaji wanasimama pembeni, nje ya njia. Na asiye na kazi pale akae umbali wa urefu wa mti mara mbili. Mti wa mita 25, mita 50. Najua Vihiga mita 50 ni boma la mtu wa tatu. Basi mti huo hauangushwi mzima. Unashushwa vipande kuanzia juu, na mpandaji mwenye mshipi na kamba zake, aliyefundishwa. Hakuna njia ya katikati.

Halafu ukataji wenyewe. Upande unakotaka mti uende unakata mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, kina chake kama robo ya unene wa shina. Kisha unakuja kwa nyuma, juu kidogo ya kona ya ule mdomo, na hufiki mwisho. Unaacha ukanda wa mbao usiokatwa, kama sehemu moja ya kumi ya unene. Ukanda huo unafanya kazi kama bawaba ya mlango: mti unazunguka juu yake na kwenda ulikouelekeza. Wanaojifunza kwa kutazama wanakata mpaka wapitilize. Mti ukishakosa wa kuushika, unakwenda unakotaka.

Na kabla hata ya kuwasha, safisha njia ya kukimbilia, kinyume cha mti na kwa mshazari. Usisimame moja kwa moja nyuma ya kisiki, kwenye mstari wa shina, kwa sababu mti ukigonga chini shina huweza kuruka kurudi nyuma.

Nyar Kisumu:

Mimi sina ufundi, nina ya shemeji yangu. Avokado nyumbani Nyando ilikuwa imelalia mabati. Akaegemeza ngazi kwenye tawi jirani, akapanda na pawa, mkono mmoja kwenye mashine na mwingine kwenye ngazi. Sisi tulio chini tulikuwa tunapiga kelele juu ya waya wa stima uliopita karibu, hakuna aliyeifikiria ngazi. Tawi lilipokatika halikuanguka wima. Ncha yake ilitangulia kugonga paa, upande mnene ukazunguka ukaipiga ngazi. Akaanguka upande mmoja, pawa upande mwingine, cheni bado inazunguka. Ilianguka hatua moja tu kutoka kwa mtoto wake.

Nyonga ilivunjika. Tulimpeleka hospitali ya Russia, hapa Kisumu, akalazwa muda mrefu na mguu umevutwa kwa uzito. Alikuwa dereva wa matatu. Sasa anatembea, ila gari hajarudia, na dada yangu ndiye anayelipa karo kwa kuuza omena. Tawi lile lingekatwa na fundi kwa pesa ambazo leo nikizikumbuka nalia.

Fundi wa Elburgon:

Pole dada. Pawa na ngazi visikutane, hata kwa tawi la unene wa mkono. Na pawa inashikwa kwa mikono miwili, wakati wote, na haipandi juu ya bega. Kuhusu waya, mlifanya vyema kuogopa. Mti ukiwa na uwezekano wa kugusa waya, kazi hiyo inasimama mpaka Kenya Power wafike wazime. Mti mbichi unapitisha umeme, na hata ardhi inayouzunguka mti ulioangukia waya inaweza kumpiga mtu.

Kijana wa Molo:

Niliumia 2022, kovu linatoka kwenye taya hadi karibu na mtulinga. Pawa ilikuwa ya kukodi na mwenyewe alikuwa ameing'oa kile kikingio cha mbele ya mkono, alisema kinasumbua. Nilikuwa nasafisha matawi ya saiprasi uliokwisha kuanguka. Ncha ya ule ubapa mrefu unaozungukwa na cheni ikagusa tawi lingine lililofichwa na majani. Sikuona chochote. Nilisikia tu mashine imeninyanyukia usoni, tayari nimelowa damu. Ni haraka kuliko kukwepa.

Fundi wa Elburgon:

Kijana, ahsante kwa kulisema hili. Kile kikingio ndicho breki ya cheni. Mashine ikiruka, mkono unakigusa na cheni inasimama mara moja. Aliyekiondoa alikukodisha kifo. Cheni inakimbia kama mita 20 kwa sekunde moja, hakuna binadamu wa kuikwepa. Sehemu inayorusha ni robo ya juu ya ile ncha ya ubapa. Ikigusa kitu kigumu, mashine yote inainuka kumwelekea aliyeishika. Anayekodi pawa aiwashe, asukume kikingio mbele, aone kama cheni inasimama. Haisimami? Mrudishie mwenyewe.

Muuguzi wa Kakamega:

Nimefanya zamu za kupokea majeruhi kwa miaka mingi. Wa pawa tunawajua wakiwa bado mlangoni: paja la kushoto, goti la kushoto, mkono wa kushoto, na wachache uso na shingo. Panga linakata mstari. Cheni inararua na kuondoka na nyama, halafu inaacha oili na unga wa mbao ndani. Kushona kidonda hicho si kama watu wanavyodhani.

Ninachotaka mlichukue hapa ni zile dakika za mwanzo, maana mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaisha kabla gari halijapatikana. Kandamiza kidonda kwa nguvu zako zote, na leso, na shati, na chochote kisafi ulicho nacho, na usiinue kuchungulia. Damu ikilowesha kitambaa, ongeza kingine juu yake. Tafadhali msiweke majani ya kahawa, sukari, mafuta ya taa wala udongo. Tunavitoa kidondani kila wiki. Damu ya mguu au mkono ikikataa kusimama, chukua kitambaa kipana, funga juu ya kidonda upande wa mwilini, ingiza kijiti, zungusha mpaka damu ikome. Inauma vibaya, atapiga kelele, usilegeze. Andika saa uliyofunga, hata kwa kalamu kwenye paji la uso wake, na mwache daktari alegeze mwenyewe.

Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, tia kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, kisha mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu. Na aliyeangukiwa na mti asivutwe kwa mabega wala kukalishwa kwenye boda. Ng'oeni mlango, alale juu yake, shingo isigeuke.

Jirani wa Luanda:

Kwetu hakuna aliyekufa, mti uliangukia jiko la jirani, bahati nzuri watu walikuwa kanisani. Kesi imezunguka kwa chifu na wazee wa mtaa na hadi leo hatusalimiani na boma lile. Fundi alizima simu siku hiyo hiyo.

Mzee wa Kitale:

Vijana wangu, nimepasua mbao tangu enzi za msumeno wa watu wawili. Hamjautaja mti unaoinama. Mkaratusi unakua haraka na ndani yake mna mvutano mkubwa, ndiyo maana hata mbao yake hupasuka ikiwa bado inachanwa. Ukiwa umeinama, upande wa nyuma umekazika. Kijana anakuja na pawa anakata kwa nyuma kama kawaida, hajafika nusu, shina linapasuka wima kwenda juu, kupita kichwa chake. Nusu ya nyuma inaruka kwa nguvu, inampata kifuani au kidevuni. Nimeona mtu aliyekuwa mwangalifu maisha yake yote akifa hivyo, Trans Nzoia hapa.

Anayeujua mti huo haanzi nyuma. Anatoboa katikati ya shina kwa ncha, anatengeneza bawaba, anaacha mshipi wa mbao kwa nyuma, na mshipi huo anaukata mwisho kabisa akiwa amesimama pembeni. Kutoboa kwenyewe ndiko kunakorusha mashine kama alivyosema kijana wa Molo. Kwa hiyo usikusome hapa ukaenda kujaribu. Ukiona mti umeinama, mwite aliyefundishwa.

Kijana wa Mbale:

Kwa heshima zote, wazee, mimi ndiye mnayemzungumzia. Fundi wa kweli akitaja bei, wenye mashamba wanamwona mwizi, wananipigia mimi. Pawa ni ya kukodi, nalipia kwa siku, mafuta juu yangu. Nikikataa mti mmoja mgumu siku imeharibika. Helmeti na suruali ya kuzuia cheni nitatoa wapi? Navaa gambuti na kofia.

Mwalimu wa Vihiga:

Kijana wa Mbale, umesema kweli na nakuheshimu kwa kujitokeza. Wenye mashamba tunasoma hapa, na lawama kubwa ni yetu. Mti ni wetu, pesa ya mti ni yetu, halafu anayehatarisha paja lake tunamlipa ya soda. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amfidie kibarua wake akiumia kazini, na wengi wetu tunajifanya hatuijui. Ukiuza mti, bei ya kuuangusha vizuri itoke kwenye bei ya mti, kabla hujaanza kuhesabu faida.

Fundi wa Elburgon:

Na mimi nikwambie kijana, kama ndugu. Usiache kazi, chagua miti. Ulio karibu na waya, ulioinamia nyumba, uliokauka, uliooza ndani, hiyo ikatae. Gonga shina kwa nyuma ya shoka; likilia tupu, ondoka. Tazama juu kabla ya kuwasha, kuna matawi makavu yaliyonasa ambayo mtikisiko wa mashine unayaangusha kichwani. Huko kwenu mvua na upepo huja mchana, kwa hiyo kata asubuhi. Ukiweza kununua kitu kimoja kwanza, nunua helmeti yenye wavu wa uso na viziba masikio, kisha suruali. Mafunzo yapo, Londiani kuna chuo cha misitu na Nakuru kuna kituo cha mafunzo ya viwanda vya misitu. Ukishindwa ada, njoo Elburgon ukae nami kama msaidizi. Wengi wetu tulijifunza kwa kubeba kabari za mtu mwingine kabla ya kuruhusiwa kugusa mashine.

Kijana wa Mbale:

Nitakuja, fundi. Nimekutumia namba kwa faragha.

Mama wa Mumias:

Samahani kuingilia, nina shida ya sasa hivi. Jana walikata saiprasi kwetu, ukaanguka nusu, ukanasa kwenye mwembe. Wakajaribu kuutikisa, wakachoka, wakaondoka. Wanasema kesho watakata ule mwembe ili vyote vishuke pamoja. Watoto wanapita hapo kwenda mtoni.

Fundi wa Elburgon:

Mama, wakatalie. Anayekata mti ulioshikilia mwingine anasimama chini ya miti miwili kwa wakati mmoja. Wala mtu asipande juu ya ule ulionasa. Leo, kabla ya giza, zungushia kamba na miiba mbali kabisa, zaidi ya unavyodhani inatosha, watoto wapite njia nyingine, na ng'ombe pia. Mti huo unaweza kushuka usiku kwa upepo tu.

Wa kuutoa ni trekta au winchi yenye waya mrefu, wakiuvuta kwa shina kurudi nyuma, mbali na mwembe, na hakuna mtu karibu na waya. Nitumie picha mbili, moja ya kisiki na moja ya pale juu uliponasa, ila ipige ukiwa mbali. Kuna fundi ninayemwamini Bungoma, mwenye winchi. Nampigia sasa.