Tovuti ya umma isiyomfaa asiyeona: izinduliwe au isubiri?

Wadau, swali ni hilo, na msimamo wangu nautaja mapema: isubiri.

Hoja ninayokutana nayo ni kwamba wengi waanze kuhudumiwa, wenye ulemavu watafanyiwa marekebisho baadaye. Lakini tuangalie hali ikoje kabla ya hiyo baadaye kufika. Programu ya kusoma skrini, inayomsomea asiyeona kwa sauti, haioni sura ya ukurasa, inasoma msimbo ulio nyuma yake. Kitufe kisichopewa jina kinatamkwa "kitufe", basi. Fomu yenye nafasi nane zisizo na lebo haimwambii mtu wapi aandike jina na wapi tarehe ya kuzaliwa. Asiyeona anafanyaje? Anamwita jirani, mtoto, yeyote aliye karibu, anamtajia namba ya kitambulisho, neno la siri, hata ugonjwa anaouombea msaada. Mimi siiti hiyo huduma. Mtu mzima amelazimishwa kutoa siri zake. (Na mwenye mikono inayotetemeka, asiyeweza kipanya, hukwama vilevile pale ambapo kitufe hakifikiki kwa kibodi peke yake.)

Kuhusu gharama, ipo kesi ya kujifunzia. Mwaka 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alilalamikia tovuti ya Olimpiki ya Sydney: picha na viungo havikuwa na maandishi mbadala, yaani maelezo mafupi ambayo programu huyasoma badala ya picha. Mwezi Mei mwaka huohuo W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, ilikuwa imeshatoa miongozo ya kuzifanya tovuti ziwafae wenye ulemavu, kwa hiyo njia ilijulikana. Waandaaji walidai marekebisho yangezidi dola milioni 2 za Australia. Wataalamu wa upande wa Maguire wakasema kazi ni ndogo kuliko hapo. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu iliamua kuwa alibaguliwa, na baadaye waandaaji wakaamriwa kumlipa dola 20,000. Maelezo ya picha moja huandikwa kwa dakika moja siku inapopandishwa. Ukiacha hadi ziwe elfu, hapo ndipo bei inapokuja.

Nakubali pingamizi moja, la dharura: taarifa za mlipuko wa ugonjwa hazingoji. Ila hizo zinaweza kutoka kwa maandishi matupu yenye vichwa vilivyopangwa, na hayo ndiyo programu ya kusoma skrini huyasoma bila taabu.

Anayepinga anijibu hili: katika miezi ya kusubiri marekebisho, neno la siri la asiyeona likae kwa nani?