Viwanda vya magari Detroit: vilifukuzwa na chama, au na ghorofa zake?

Mleta mada

Wakuu, ikitajwa Detroit, jiji la magari kule Michigan, Marekani, lawama ni ileile: chama cha wafanyakazi, UAW, kilidai mishahara mikubwa mpaka viwanda vikahama. Mimi nasema tuyaangalie majengo kwanza.

Kiwanda cha Ford cha Highland Park (1910) na kile cha Dodge, Dodge Main, vilijengwa kwenda juu. Dodge Main ilifika ghorofa nane. Enzi zile ilikuwa akili. Vipuri vinapandishwa kwa lifti na winchi, halafu kazi inashuka kwa uzito wake. Pale Highland Park bodi ya gari la Ford, Model T, ilimaliziwa juu, ikateremshwa kwenye mteremko wa mbao mpaka nje, ikakalishwa kwenye chesisi. Baada ya mstari unaotembea wa kuunganishia magari kuanza mwaka 1913, chesisi iliyokuwa ikichukua saa 12 na nusu ilikuja kuungwa kwa dakika 93.

Balaa linaanza gari likirefuka na mstari ukitaka kunyooka. Lifti ikikwama, wa chini wote wanangoja. Nguzo zimesongamana, foklifti haigeuki. Presi nzito huwezi kuiweka ghorofa ya nne. Kwa hiyo kati ya 1947 na 1958 kampuni tatu kubwa (Ford, General Motors na Chrysler) zilijenga viwanda vipya 25 eneo la Detroit, vyote vitongojini, vingi zaidi ya maili 15 kutoka katikati ya jiji. Na mkataba wa UAW ulikuwa uleule huko. Sasa walikimbia mshahara gani?

Mchangiaji wa 2

Mkuu, majengo sawa, lakini umeruka Flint, mji mwingine wa magari Michigan. Mgomo wa kukaa ndani wa 1936 hadi 1937 ulidumu siku 44. Uliiumiza General Motors (GM) kwa sababu kalibu za kubania bati za bodi zilikuwa seti mbili tu kwa karibu magari yote ya mwaka ule, na moja ilikuwa kiwanda chake cha bodi cha Flint, Fisher Body namba 1, mikononi mwa waliogoma. Bila kalibu hakuna bodi, na bila bodi viwanda vya mbali navyo vinalala. Tangu hapo wakubwa walijifunza kutoweka mayai yote kwenye kapu moja. River Rouge, kiwanda kikubwa cha Ford, kilikuwa na wafanyakazi 85,000 mwaka 1945. Kufikia 1960 walibaki kama 30,000. Hiyo nayo ni ghorofa?

Mleta mada

Hoja ya kalibu naikubali kabisa. Ya Rouge nusu. Injini za Ford zilipohamia Brook Park, karibu na Cleveland, Ohio, mwaka 1951, walioziunda huko nao walikuwa UAW. Kilichobadilika ni mashine: bloku ya injini inaingia upande mmoja, inasukumwa yenyewe kutoka tobo hadi tobo, mtu anabaki kuangalia taa. Ajira nyingi zilimezwa na hizo mashine kabla hata ya ushindani wa magari ya Wajapani kutajwa.

Mchangiaji wa 3

Mnabishana kuhusu paa, hamtaji kiwanja wala kodi. Highland Park na Hamtramck si Detroit! Ni miji yenye serikali yake, imezingirwa na Detroit kama visiwa. Dodge Main ilikuwa Hamtramck, na kodi yake, sehemu kubwa, ilikuwa ya Hamtramck. Kuikwepa kodi ya jiji hakukuanza 1950.

Na kiwanda cha sakafu moja kinakula ardhi. Dodge Main ilipofungwa Januari 1980, GM ilitaka eneo lake pamoja na mtaa wa Poletown. Mahakama Kuu ya Michigan iliruhusu jiji kuitwaa ardhi hiyo mwaka 1981. Watu wapatao 4,200 wakahamishwa, makanisa na hospitali vikabomolewa, GM ikapewa na nafuu ya kodi ya miaka 12. Mahakama hiyohiyo ilikuja kuitengua hoja yake mwaka 2004, wakati nyumba zilishakuwa vumbi. Kilichosalia ndani ya uzio ni makaburi madogo ya Wayahudi, Beth Olem, yanayofunguliwa siku mbili kwa mwaka.

Mchangiaji wa 2

Na ajira zilizoahidiwa zilikuwa zaidi ya 6,000. Kiwanda kilianza 1985 na roboti ambazo, mwanzoni, zilipakana rangi zenyewe badala ya magari. Huo ndio ufanisi wa sakafu moja?

Mleta mada

Hizo roboti ni pupa ya kufunga mitambo kabla ya kuijaribu. Sakafu haina kosa. Angalia kiwanda cha Jefferson North: Chrysler ilibomoa kiwanda cha zamani, ikajenga kipya Detroit hapohapo, kikaanza kutoa Jeep Grand Cherokee mwaka 1992. UAW ilikuwepo, jiji ni lilelile. Wakipata kiwanja tambarare, wanabaki.

Mchangiaji wa 3

Wanabaki, ndiyo, ila muulize jirani. Kiwanda cha Mack cha warithi wa Chrysler, hapohapo Detroit, kilichoanza 2021, kilitokana na viwanda vya injini vilivyogeuzwa. Mwaka uleule mamlaka ya mazingira ya Michigan ilikiandikia ukiukaji kwa harufu ya rangi iliyokuwa ikiingia kwenye nyumba za watu.