Adui mwenye nia ya kuingia akilini: Dominion, Cylon, Shadows au Marco Inaros?

KahawaChungu_Kibokoni
Assalaam alaykum. Nataka kununua tamthilia moja nzima ya sayansi ya kubuni, tuitazame barazani kisha tuijadili. Sharti ni moja: adui awe na nia inayoeleweka, si yule wa kutaka kuteketeza ulimwengu basi tu. Nimebakisha Deep Space Nine, Battlestar Galactica ile mpya, Babylon 5 na The Expanse. Pesa ni ya seti moja. Mwasemaje?

FundiDeki_Kisauni
Waalaykum salaam. Umeacha yote ya maana. Mko wangapi? Kuna watoto? Mwatazama sehemu ngapi kwa wiki? Deki yenu yasoma diski za eneo gani la dunia? Deep Space Nine ni sehemu 176, Babylon 5 ni 110, The Expanse 62. Kwa mbili kila wiki, ya kwanza ni mwaka na miezi minane, ya mwisho ni miezi saba.

MwanaMvita
Deep Space Nine, wala usiulize tena. Dominion, dola ya adui humo, yaongozwa na viumbe wanaobadilika umbo. Waliwindwa na "wagumu" kama sisi, wakaapa hayatawapata tena. Kauli yao ni kwamba ukitawalacho hakikudhuru. Sasa angalia woga huo ulivyowafikisha. Askari wao, Jem'Hadar, wametengenezwa wasiishi bila dawa inayopita kwenye mrija shingoni, na anayeigawa ni Mvorta, msimamizi wao. Kwa nini umfunge askari kwa dawa ikiwa umemuumba akuabudu? Hapo mna mjadala wa usiku mzima.

Halafu kuna Dukat, Mkardasia aliyewahi kuitawala sayari ya Bajor. Tazameni "Waltz", msimu wa 6, sehemu ya 11. Yuko pangoni na Sisko, shujaa wa tamthilia, aliyeumia, ajitetea juu ya utawala wake Bajor. Asema alipunguza kazi za kambini kwa nusu na kuongeza chakula. Wenyeji walipolipua kituo cha watawala, akakamata washukiwa 200, akawaua. Kinachomuuma ni kwamba Bajor nzima haina hata sanamu yake moja! Mtu huyo hataki ardhi, ataka ashukuriwe.

BintiLikoni
Kaka MwanaMvita, mbona humwambii kwamba msimu wa 7 wamemharibu? Dukat wa "Waltz" anageuzwa mtumwa wa mapepo ya motoni. Nia yote ile imemezwa na uganga.

MwanaMvita
Dada, mapepo yalimpata kwa sababu alitaka kuabudiwa. Yameungana vizuri tu.

BintiLikoni
Yameungana kwa gundi ya maji.

Ila ndugu Kibokoni, hiyo Galactica ndiyo ya kukuonya. Mwanzoni mwa sehemu nyingi unaandikiwa kwamba Cylon, mashine zilizowaasi watu, wana mpango. Sehemu ya kwanza ya msimu wa 1, "33", wanawashambulia watu kila dakika 33, siku tano mfululizo, mpaka marubani hawawezi kufumbua macho. Unasema hawa wamepiga hesabu. Ukifika msimu wa 3 wanaacha kuwaangamiza watu, wanawatawala kwenye sayari ya New Caprica, na hakuna anayekueleza vizuri kwa nini.

Kisha ikaja hesabu yenyewe. Modeli za Cylon wenye sura ya binadamu ni 12. Saba tunazijua, tano zimefichwa, nazo hizo tano hazina namba. Lakini mmoja wa wale saba tayari anaitwa Namba Nane! Pengo liko kwenye saba. Ikabidi msimu wa 4, katika "No Exit", waingize Namba Saba aitwaye Daniel, aliyeharibiwa zamani, usimwone hata uso. Humohumo Cavil, mmoja wa wale saba, anafoka: ataka kuona miale ya gama na kusikia eksirei, na wazazi wake, wale watano waliofichwa, walimpa macho ya kibinadamu. Hotuba tamu, sikatai. Lakini ndiyo nia ya kuchoma sayari kumi na mbili? Mtoto kakasirikia wazazi, akawaua majirani wote. Mwaka 2009 wakatoa filamu nzima ya kueleza huo mpango. Kiraka juu ya kiraka.

NahodhaKombo
Shehe, Babylon 5. Kwa Shadows, adui wa humo, nia yenyewe ndiyo swali. Msimu wa 1, sehemu ya 13, Morden, wakala wao, azunguka kituoni akiuliza, "Wataka nini?" G'Kar, balozi wa Wanarn, ajibu ataka Wacentauri waliowahi kuwatawala waangamie. Na baada ya hapo? Hana jibu, Morden aondoka zake. Londo, balozi wa Wacentauri, ataka dola yake irudi kama ilivyokuwa, na huyo ndiye anayechukuliwa. Adui hakuleta uovu, ameuokota pale ulipokuwa. Vorlon, wapinzani wa Shadows, nao wana swali lao: "Wewe ni nani?" Pande zote mbili zadhani zawalea wadogo.

Kasoro ni msimu wa 1, mzito kama uji wa jana.

MpigaNanga
Na vita vyao vikubwa vyaishia kwa maneno. Wanaambiwa waondoke, wanaondoka.

Chukua The Expanse. Marco Inaros ana hoja ya tumbo. Wabelter, watu wa Ukanda wa asteroidi, mifupa yao haihimili mvutano wa sayari. Malango ya kwenda nyota nyingine yakifunguka, watu watahamia sayari mpya, na Ukanda utabaki bila kazi. Kwa hiyo arusha miamba duniani, imepakwa rangi ya Mars isiyoonekana kwenye rada. Kisha msimu wa 6 aiacha Ceres, kituo kikubwa cha Ukanda, abeba chakula chote, adui zake ndio wawalishe watu wake. Muulizeni hapo alimpigania nani.

KahawaChungu_Kibokoni
Tuko kama kumi, wengine wanafunzi wa sekondari. Mbili kila Ijumaa baada ya Isha. Dukat amenigusa, amenikumbusha Wareno na ngome yao, Fort Jesus.

NahodhaKombo
Wanafunzi? Basi Galactica na The Expanse uzipitie mwenyewe kwanza. Kuna matusi, na kuna vitanda. Lakini Wareno hawakutaka kupendwa, shehe, walitaka ushuru.

MwanaMvita
Na ngome waliyoianza 1593 ikawatoka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Dukat angalau alikaa kujieleza.

BintiLikoni
Miaka mitatu ya njaa na maradhi, nao waliomo ndani wengi ni watu wa hapa. Hilo hamlitaji.

FundiDeki_Kisauni
Nauliza deki. Diski za DVD za Uingereza ni eneo 2, za Marekani 1, sisi Kenya tuko 5. Deep Space Nine ni DVD tu, haina Blu-ray. Utanunua usiku, asubuhi deki ikuandikie "eneo si sahihi".

KahawaChungu_Kibokoni
Ni ya shemeji. Nyuma ina kijidunia kimeandikwa 5.

FundiDeki_Kisauni
Basi usilipe chochote bado. Baadhi hufunguka kwa rimoti: trei wazi, bila diski, kisha namba za siri za modeli hiyo. Piga picha kibandiko cha nyuma, niisome modeli.

MpigaNanga
Na rimoti yenyewe ipo?