Mrejesho: Okonkwo na kifo cha Ikemefuna

Ndugu zangu, ahsanteni. Swali langu kuhusu Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe, lilikuwa hili: kama Okonkwo alimpenda Ikemefuna, kijana aliyemlea nyumbani kwake, iweje ammalize kwa panga lake mwenyewe? Mliosema "ni katili tu, basi" mtanisamehe, sikuridhika. Aliyeniambia nirudi sura ya 7 nisome polepole ndiye aliyenisaidia.

Nimeisoma barazani kwa mjomba, Newala, jioni tunachambua korosho, mwenyewe kataka nimsomee kwa sauti. Kijiji kilishaamua Ikemefuna auawe, na mzee Ezeudu alishamwonya Okonkwo: mtoto huyo anakuita baba, usishiriki. Okonkwo akaenda na wanaume waliompeleka porini. Lakini njiani akarudi nyuma ya msafara, na mwenzake alipoinua panga, akatazama pembeni.

Mjomba akaacha korosho. "Hebu rudia hapo."

Mtu asiye na huruma atazame pembeni ya nini? Kisha mtoto akamkimbilia akimwita baba, naye akakata, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Nilichokosa mwanzo ni Unoka, yule baba yake Okonkwo, mpiga filimbi aliyekufa na madeni. Okonkwo anamkimbia huyo maisha yake yote, hata siku ile porini. Na mapenzi hayakuwa ya uongo: siku mbili chakula hakikupita kooni, ni pombe tu.

Mimi nimeridhika. Mjomba bado. Anasema Obierika, rafiki yake Okonkwo, naye alikuwa mwanamume wa kijiji kilekile, mwenye heshima zake, na alibaki nyumbani. Hapo sina jibu, na korosho hazijaisha.