Sabuni ya kufulia ya bei nafuu inayotakatisha kweli: tupeane uzoefu

DobiMzoefu
Wakuu, uzi huu uwe wa kazi. Atakayechangia ataje kipimo, aina ya maji na aina ya kitambaa. "Hii sabuni ni noma" haimsaidii mtu mwenye ndoo mbili za nguo.

Naanza na hesabu, maana wengi tunadanganywa na bei ya mfuko. Gawa bei kwa idadi ya mafungu ya nguo utakayofua, usigawe kwa kilo. Unga unaohitaji gramu 100 kwa fungu moja la mashine, kilo 1 inakupa mafungu 10. Uliokolezwa unaohitaji gramu 40, kilo hiyohiyo inakupa 25. Huu wa pili hata ukiuzwa mara mbili ya ule wa kwanza, bado ni rahisi zaidi. Kipimo kimeandikwa nyuma ya pakiti kwa herufi ndogo. Pima kijiko chako kwenye mizani, kwa sababu kijiko cha unga mwepesi uliojaa hewa hakilingani uzito na kijiko cha unga mzito.

MajiKwanza
Hesabu ni sawa mkuu, ila kabla ya sabuni tuzungumzie maji. Maji ya kisima kirefu mara nyingi ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Sabuni ya mche ikikutana nayo inaganda kuwa utando wa kijivu unaoelea na kung'ang'ania nguo. Unaongeza sabuni, unaongeza tena, nguo inatoka ngumu na imefubaa. Kosa hapo ni la maji, si la sabuni.

Kuyapima: chupa safi inayoonyesha ndani, maji theluthi, tone tano za sabuni ya mche iliyoyeyushwa, tikisa kwa nguvu. Povu likisimama na maji ya chini yakabaki maangavu, ni laini. Povu likifa na maji yakawa kama ya chokaa, ni magumu.

Dawa ya bei ndogo ni magadi soda: kijiko kimoja cha mezani kwa lita 10, koroga mpaka iyeyuke, subiri dakika 10, ndipo utie sabuni. Vaa glavu, inakausha ngozi. Sufu, hariri na beseni la alumini viepushe kabisa. Maji ya mvua hayahitaji magadi, na kipimo cha sabuni unaweza kukipunguza karibu nusu.

KemiaYaNdoo
Naongezea cha kusoma kwenye pakiti.

Kinachofanya kazi kubwa ni kiungo kinachoshika mafuta na kuyatenga na uzi (kwenye pakiti huandikwa "surfactant"). Baadhi ya pakiti hutaja kiwango chake kwa asilimia: "chini ya 5", "5 hadi 15", "15 hadi 30". Kati ya unga mbili za bei moja, tazama hapo kwanza. Cha pili ni vilainisha maji, kama sodiamu kaboneti (ndiyo magadi soda) au zeoliti. Cha tatu ni vimeng'enya, na hapa ndipo unga wa bei nafuu mara nyingi hupungukiwa: proteasi kwa damu, jasho na maziwa, amilasi kwa wanga, lipasi kwa mafuta. Vinapenda maji ya vuguvugu na muda. Loweka dakika 30 hadi 60. Ukimimina maji yanayochemka unaviua, na umelipia bure.

Sodiamu salfeti nayo imo kwenye unga nyingi kama kijazio. Haina madhara, ila haitoi uchafu, inaongeza uzito tu. Ndiyo maana mfuko mkubwa wa bei ndogo huisha haraka.

Kuna jaribio watu hupenda: unakoroga kijiko cha unga kwenye glasi ya maji na kutazama masalia. Lisikuhukumie mambo yote. Salfeti huyeyuka kabisa, hutaiona. Zeoliti haiyeyuki, itakaa chini kama vumbi jeupe, na ni kiungo chenye kazi. Masalia ya kuogopa ni yale ya mchanga, yanayokwaruza ukiyasugua kati ya vidole.

PovuSiKazi
Na povu jamani! Povu halipimi usafi. Unga wa mkono umewekewa povu kwa makusudi kwa sababu mnunuzi analipenda. Ukitia unga huo kwenye mashine ya mlango wa mbele, povu linakuwa kama mto wa kulalia: nguo zinateleza badala ya kuangukiana, mashine inaongeza muda wa kusuuza, na sabuni inabaki kwenye mpira wa mlango hadi inanuka. Tafuta pakiti yenye alama ya mashine ya mlango wa mbele. Kinyume chake hakina shida: unga wa mashine unafua kwa mkono vizuri tu, ila ni mkali, glavu tena.

Kipimo_Sawa
Anayetaka kulinganisha sabuni asitegemee macho ya haraka. Fanya hivi.

Kata kitambaa cheupe cha pamba vipande vinne vya sentimita 15 kwa 15. Kila kimoja kipate doa la mafuta yaliyochanganywa na masizi, doa la udongo na doa la chai. Yakae usiku kucha. Chukua chupa nne zenye mfuniko, kila moja lita 1 ya maji yaleyale. Tatu ni za sabuni unazolinganisha. Ya nne iwe maji matupu, na hii usiiache, kwani udongo mwingi hutoka kwa maji peke yake na sabuni ikapewa sifa isiyo yake.

Sasa jambo muhimu: usiweke uzito sawa, weka pesa sawa. Kama gramu moja ya A inagharimu mara mbili ya B, weka gramu 3 za A na 6 za B. Loweka dakika 30, tikisa kila chupa mara 100, suuza mara mbili, anika kivulini.

Wakati wa kusoma matokeo, usitazame weupe wa kitambaa. Unga nyingi zina king'arisha nguo ("optical brightener"), rangi isiyoonekana inayorudisha mwanga wa jua kwa ubuluu, nguo ikaonekana nyeupe hata kama uchafu umo. Tazama kingo za doa. Kwa mafuta, dondosha maji palipokuwa na doa: tone likisimama bila kunywewa, mafuta bado yapo.

DobiMzoefu
Safi sana. Vipi sabuni ya maji ya kupima, ile ya madumu? Wengi wanaikimbilia kwa bei.

KemiaYaNdoo
Ipo nzuri na ipo ya hovyo, na uzito wake haukwambii lolote. Kinachoifanya ivutike ni chumvi. Mtengenezaji anaweza kuwa na salfoniki na slesi kidogo (viungo vinavyotoa uchafu), akatia chumvi mpaka ikawa nzito kama uji. Akizidisha inageuka maji tena.

Hatari kubwa ni salfoniki ambayo ukali wake haukuzimwa vya kutosha kwa magadi soda. Hiyo ni asidi: inachoma mikono na kudhoofisha nyuzi za pamba. Nunua karatasi za kupimia asidi, chovya moja. Ikisoma 7 hadi 9 unaweza kufulia. Chini ya 6, rudisha dumu. Ikitoa harufu ya kuoza baada ya siku chache, huenda aliyeitengeneza hakuweka kihifadhi cha kutosha.

Sabuni ya maji kwa kawaida haina kitakatisha cha oksijeni. Kwa nguo za rangi na grisi ni nzuri, ila kwa shuka nyeupe na soksi zenye udongo unga unaishinda.

SuuzaMbili
Madoa kwa ufupi. Damu: maji baridi kwanza, ya moto yanaipika ikashika. Grisi: paka sabuni ya maji doa likiwa kavu, dakika 15, ndipo uloweshe. Jasho la kwapa: usitie jiki, linazidi kuwa njano, loweka kwenye unga wenye vimeng'enya. Chai: sodiamu pakaboneti (ndiyo kitakatisha cha oksijeni) kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 60, maana kwenye maji baridi inafanya kazi taratibu mno. Kutu: asidi ya limau, na usikaribishe jiki hapo.

Kwa kweli jiki isichanganywe na siki, asidi yoyote, wala kitu chenye amonia. Inatoa gesi ya sumu, na bafu dogo halina pa kukimbilia.

MgeniWaUzi
Shukrani wakuu. Nguo nyeusi zinabaki na michirizi myeupe kila zikikauka, nibadilishe sabuni?

SuuzaMbili
Bado usibadilishe. Huo ni unga usioyeyuka au mabaki ya maji magumu. Yeyusha unga kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuingiza nguo, punguza kipimo kwa robo, ongeza mara moja ya kusuuza. Michirizi ikibaki, suuza ya mwisho na nusu kikombe cha siki nyeupe kwa lita 10. Ikitoka, tatizo lilikuwa maji. Rudi kwenye ushauri wa MajiKwanza. Na unga usiuchote kwa mkono wenye maji, ufungie kwenye kopo kavu: unyevu ukiingia unagandana, na kitakatisha cha oksijeni kinakufa humohumo.