Madarasa ya uigizaji hapa Dar: kabla hujatoa hela

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimehamia Dar mwezi wa tatu kutoka Nakuru, kazi yangu iko Kariakoo. Nyumbani nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha kanisani, sasa natafuta darasa la jioni. Nimeelekezwa studio moja Sinza na nyingine Mikocheni. Nani kashapita huko?
Wa Kariakoo

*

Kaka, karibu. Mimi mtu wa Kisauni, Mombasa, huu mwaka wa nne niko Sinza.

Studio ya kwanza iliniponza. Ukutani wamebandika picha za nyota wa bongo muvi, ukidhani wote walisomea pale. Nikalipa miezi mitatu kwa mkupuo, taslimu, bila risiti. Tulikuwa 26 chumba kimoja, mwalimu anasimulia safari zake na wakubwa anaowajua. Mwezi mzima nilisimama mbele ya wenzangu mara mbili, na zote mbili nikaambiwa nilie. Ninalilia nini, hakuna aliyesema. Nilipodai hela ya miezi iliyobaki, simu ikawa haipatikani.

Ya pili sikutoa hata shilingi kabla ya kuomba nikae nyuma niangalie kipindi kizima. Wakikukatalia, achana nao. Wakikubali, usimsikilize sana mwalimu. Hesabu ni wanafunzi wangapi wamenyanyuka kufanya kitu, na kila mmoja kaambiwa nini alipomaliza. "Vizuri, mwingine" hayo si mafunzo.

Zoezi la siku ya kwanza pale lilinitoa jasho. Ni lile la kurudia, la Mmarekani Sanford Meisner: wawili mnakaa mkitazamana, mmoja anataja anachokiona kwa mwenzake, mwenzake anakirudisha. "Una shati la bluu." "Nina shati la bluu." "Una shati la bluu." Mnakwenda hivyo hivyo mpaka unaona kama mmechanganyikiwa. Lakini Kiswahili kina mtego wake hapo, hiyo *una* na *nina*. Silabi moja tu inageuka, ila huwezi kuitika kama kasuku. Kila zamu inabidi ukiri kwamba jambo ni lako. Dada niliyepangwa naye akatazama mikono yangu. "Unaficha vidole." Nikamjibu, "Naficha vidole," sauti ikanikauka. Kweli nilikuwa nimevikunja tangu nilipokaa, wala sikujijua.

Kiswahili chako kisikutie hofu. Kijana mmoja wa Nairobi, katika igizo la papo kwa papo, alisema "stima zimepotea", yaani umeme umekatika, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akamkataza kubadilisha. Alichotaka ni kujua huyo mhusika katokea wapi na Dar kafuata nini. Igizo likanoga kuliko yote siku ile. Ila siku ukipewa nafasi ya mtu wa Tandale, kaka, nenda kanywe chai Tandale.

Kwako wewe shida kubwa ni foleni. Ukitoka kazini Kariakoo saa kumi na moja na kipindi Mikocheni kinaanza na nusu, mazoezi ya mwili na pumzi utakuwa unayakuta yameisha kila siku. Uliza kama wana Jumamosi asubuhi.

Ukitaka cheti, hizo studio si mahali pake. TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iko Bagamoyo, ilianza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nako wanafundisha sanaa za maonyesho. Yote yanataka mtu mwenye muda. Mimi ningeanza kwa kwenda kuangalia maonyesho Nafasi Art Space, Mikocheni. Baadaye wafuate waigizaji waliokugusa, uwaulize nani kawafundisha.

Siku ukianza kulipwa, kuna BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na Bodi ya Filamu. Na kibali chako usome vizuri: kilichotolewa kwa kazi ya Kariakoo hakikufungulii mlango wa kulipwa jukwaani.
Wa Sinza

*

Dada, shukrani sana. Jumamosi nimekwenda, wamenikubalia kukaa nyuma na daftari langu. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne. Nilipofika wa tisa katika kuhesabu, mwalimu akauliza mgeni anaandika nini, akanivutia kiti katikati.

Shati langu lilikuwa la kijani.
Wa Kariakoo