Biva wameziba kijito nyuma ya nyumba

Ndugu zangu, habari za siku? Tumehamia nje kidogo ya Ottawa, huku Kanada, na kilichonivutia kwenye nyumba hii ni kijito. Sasa biva, wale wanyama wa majini wanaoguguna miti na kujenga mabwawa, wamekiziba. Maji yamefika kwenye tuta la sukuma wiki, na mti wangu wa tufaha wameuguguna ukabaki umechongoka kama penseli. Bwawa nimelivunja kwa jembe mara mbili, kukicha nakuta limerudi. Kuna aliyewahi kuwashinda?
Mama Zuhura

Dada, hujambo? Huwashindi. Mimi nilivunja msimu mzima, nikaambulia maumivu ya mgongo. Kinachomtuma biva ni mlio wa maji yanayochuruzika. Akiusikia tu, anakuja na matope na vijiti. Basi yatoe maji kimya kimya. Pitisha bomba pana la plastiki kwenye bwawa, mdomo wa juu uuzamishe mita kadhaa kutoka kwenye ukuta wa bwawa, uuzungushie kizimba cha nyaya. Hasikii kitu, hajui pa kuziba, na kimo cha maji unakipanga wewe. Ila usiyamalize. Mlango wa nyumba yake uko chini ya maji, na yakipungua sana atajenga bwawa jingine, pengine mahali pabaya zaidi.

Manispaa uwaulize kwanza, na jembe uliweke chini: bwawa likipasuka ghafla, mafuriko yanamwendea jirani wa chini.

Mimi nimekulia Dodoma, lambo tulichimba kwa jasho. Huyu mnyama anakujengea bure. Maji yakipunguzwa kasi, tope linatua, mengine yanazama ardhini, na kiangazi kijito hakikauki upesi. Kwangu walikuja vyura, kisha bata, kisha korongo mmoja mwenye maringo.
Baba Neema

Shikamooni. Hawamalizi samaki? Na watoto waogelee?
Juma

Marahaba. Samaki hawali kabisa, chakula chao ni magome na majani. Kuogelea siwashauri, na maji hayo yasinywewe bila kuchemshwa. Huenda yana vijidudu vya giadia, utaharisha hata wiki kadhaa.
Baba Neema

Asante kaka. Bomba nimepata. Kwa kizimba, wavu wa banda la kuku unafaa?
Mama Zuhura

Laini mno huo, ataupasua. Tafuta wavu wa nondo nyembamba, ule wanaolaza ndani ya zege. Miti nayo izungushie wavu mgumu, kimo cha mita moja na zaidi, usigusane na gome. Jumamosi nina nafasi, nitakuja na mabuti.
Baba Neema